Mwezi wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Walimwita Jicho, na jina hilo hakupewa bure. Katika kiwanda cha kuchapa vitabu alichofanyia kazi miaka ishirini na sita, hakuna kosa lililompita. Nukta iliyodondoka, mstari uliopinda unene wa unywele, chembe ya vumbi ambayo ingetoka doa jeusi kwenye nakala elfu kumi, yeye aliiona kwa mbali, kikombe cha chai mkononi. Mafundi wenzake wawili wa chumba kile walizoea kumtania: "Mzee Jicho, hebu nitazame tumboni uniambie jana nimekula nini." Naye alicheka, kwa sababu sifa ni tamu, asikudanganye mtu.

Lakini waliosema nyani haoni kundule walimjua mtu kama huyu kabla hajazaliwa.

Siku zile kitabu hakikutoka kwenye kompyuta kikaenda mtamboni moja kwa moja. Kila ukurasa ulipigwa picha ukawa filamu, na vipande vya filamu, maneno hapa, michoro pale, vilipangwa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, vikakatwa kwa wembe na kubandikwa. Filamu ina pande mbili, mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Ukilaza kipande kwa upande usio wake, picha inatoka kinyume, kama uso wako kwenye kioo. Kwenye maneno kosa hilo halifiki mbali, maana herufi zikigeuka hata mfagiaji atakuambia. Shida ni vitu visivyo na maandishi. Jani likigeuzwa, au yai, halisemi kitu, na fundi asipolishika kosa yeye mwenyewe, basi tena.

Jicho na mkewe waliishi vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Watoto wao watatu walikwisha kujitegemea. Aliyebaki nyumbani ni kitinda mimba, msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye tangu alipofungua mdomo hajaufunga. Kwa nini chai inapoa na barafu inapata moto? Nani aliamua saa izunguke upande huu? Wakamwita Swali. Mama yake alisema mtoto huyu atawachosha mpaka malaika. Baba mtu alijifanya kuchoka, lakini akitoka kazini alikuwa anatembea haraka ili awahi maswali ya siku hiyo.

Mwaka ule shule ya bweni ya sayansi ilitangaza nafasi moja kwa wilaya nzima. Moja tu. Atakayeshinda mashindano ya sayansi ndiye atakayeichukua, asome mpaka mwisho bila ada. Mwalimu wa sayansi wa shule ya Swali akawapa wanafunzi wake kazi: mtazame mwezi tangu unapoandama mpaka unapoandama tena, mchore kila siku mnachokiona. Daftari litakaloshinda darasani ndilo litakalokwenda wilayani. Swali hakulala kwa furaha, na kuanzia hapo nyumba nzima haikusikia habari nyingine.

Siku ya kwanza alitoka kwenye ngazi za nyuma mara jua lilipozama. Mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha uliokatwa, chini kabisa magharibi, na kabla hajamaliza kuchora ulikuwa umeshalifuata jua. Kesho yake aliukuta umepanda kidogo, umenenepa kidogo, ukachelewa kuzama kwa karibu saa nzima. Siku ya saba ulikuwa nusu kamili, utosini kwake, wakati jua linazama. Wiki ya pili ilipotimia ulichomoza mashariki duara zima huku jua likizama upande wa pili, kama walinzi wawili wanaopokezana zamu getini. Yote akaichora, kila mwezi na jua lake pembeni, na saa, na paa la jirani ili ajue urefu.

Baada ya mwezi mpevu, jioni zikawa tupu. Swali akakaa kwenye ngazi akisubiri mpaka akalia, akisema daftari lake limeharibika. Aliyemwokoa ni mama yake. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, mama anaanika nguo, akasema bila hata kugeuka: "Unamlilia nani? Si huo hapo juu ya bati la jirani."

Kweli ulikuwepo, nusu mwezi mweupe kwenye anga la buluu, jua linawaka. Mtoto alishika kichwa. Miaka kumi na miwili ameamini mwezi ni wa usiku, kumbe nusu ya siku zake unatembea mchana kweupe na watu hawainui shingo.

"Mama, ulijua?"

"Mimi naanika nguo kila siku, mwanangu. Nisijue kwa nini?"

Tangu hapo akautafuta asubuhi, ukipungua siku hadi siku, ukilisogelea jua kwa upande wa pili, mpaka ukawa ukucha tena na kupotelea kwenye mwanga wake. Jioni moja akawaketisha wazazi wake mezani. Alikuwa na kiazi amekichoma kwa uma, na balbu moja tupu inayowaka.

"Taa ni jua. Kichwa changu ni dunia. Kiazi ni mwezi," alisema, akaanza kujizungusha pole pole kiazi kikiwa mbele ya uso wake. "Ona, Baba. Kiazi siku zote kimewaka nusu. Hakipungui, hakikui. Ni mimi ninayekiona kwa mbele, kwa ubavu, kwa nyuma. Na kovu lake hili linanitazama tu nikizunguka, ndiyo maana madoa ya mwezi ni yaleyale kila siku. Mwezi hautupi kisogo hata siku moja."

"Na hizo pembe?" aliuliza baba, kwa kumchokoza.

"Pembe zinalikimbia jua. Siku zote. Mgongo unaowaka ndio ulio upande wa jua. Utakuwaje kwingine, Baba? Mwanga utapitia wapi?"

Jicho alicheka mpaka akatoa machozi. Kesho yake kazini aliwaeleza wenzake wote habari ya kiazi, na aliyejaribu kuondoka alimshika mkono. Moyoni alikwisha kumpeleka binti yake bwenini na sanduku jipya. Nasema haya ili mjue kwamba alielewa. Asije mtu akamtetea kwamba hakuelewa.

Wiki iliyofuata Swali alirudi kutoka shuleni macho mekundu. Mwalimu alikuwa amemwambia daftari lake ndilo safi kuliko yote, kisha akalijaza wino mwekundu ukurasa baada ya ukurasa. Chini aliandika: "Umegeuza pembe kila mahali. Tazama kitabu, ukurasa wa 41. Rudia zote kabla ya Ijumaa ndipo nikupeleke."

Swali alifungua kitabu cha sayansi mezani. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na mchoro mmoja: mlima, jua linazama kushoto, na kulia, juu ya mlima, mwezi mchanga. Pembe zote mbili zilikuwa zimeelekezwa kwenye jua, na mgongo unaowaka umelikimbia.

"Nimemwambia Mwalimu mimi nimeona kwa macho yangu," alisema. "Akasema kitabu kimeandikwa na wataalamu, mimi ni nani? Baba, kitabu hiki si mlitengeneza nyinyi? Hebu niambie wewe. Nani amekosea?"

Jicho aliuinamia ukurasa. Mwezi ule ulikuwa mdogo, upana wa kucha ya kidole kidogo, na ubavuni mwake kilibaki kivuli hafifu cha kipande kilichobandikwa. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angekiona kivuli kile.

"Niachie," alisema. "Kesho nitaangalia kazini."

Sasa ni lazima mjue hali ya kazini ilivyokuwa. Bosi alikwisha kutangaza kwamba kompyuta inakuja. Mafundi watatu wa filamu hawatahitajika. Atabaki mmoja wa kukagua kazi za mashine, wawili wataagwa. "Atakayebaki," alisema mbele ya wote, "ni yule asiyekosea." Wote waligeuka wakamtazama Jicho, na wenzake hawakumtania tena tangu siku hiyo. Tena, kwa bahati mbaya au nzuri, kitabu kile cha sayansi kilikuwa kimeagizwa kichapwe upya wiki hiyohiyo, filamu zake zimeshatolewa kabatini.

Asubuhi alifika kabla ya wenzake. Akawasha meza ya taa, akatoa filamu ya ukurasa wa arobaini na moja, akaiinamia. Kipande cha mwezi kilikuwa kinang'aa pale kilipotakiwa kufifia. Akakumbuka mara moja, na hili ndilo lililomtesa, kwamba alikumbuka vizuri sana. Miaka tisa nyuma, Ijumaa, kipande kilimdondoka sakafuni, akakiokota kwa ncha ya kidole alicholowesha kwa ulimi, akakibandika huku akimjibu mtu utani mlangoni. Hakukitazama mara ya pili kwa sababu yeye ni Jicho.

Miaka tisa kitabu kimezunguka madarasani, walimu wamekifundisha, watoto wamekariri, wala hapana hata mmoja aliyeinua uso jioni akasema hapana. Mmoja tu, na ni wake.

Angeweza kwenda kwa bosi. Angeweza pia kumficha bosi na kumwambia binti yake peke yake, chini kwa chini, mwanangu uko sawa, kosa ni langu. Hili la pili alilifikiria kwa muda mrefu. Lakini mtoto hana siri. Swali angemwambia mwalimu, mwalimu angeandika barua kiwandani, barua ingesomwa na bosi kabla kompyuta haijafika. Ndivyo alivyojiambia. Basi akachukua wembe, akakibandua kipande, akakigeuza, akakibandika upya sawasawa. Kazi ya dakika moja. Wenzake walipoingia walimkuta anapiga mluzi.

Jioni Swali alikuwa amesimama mlangoni.

"Kitabu hakikosei, mwanangu," alisema Jicho, akiwa bado anavua viatu. "Nimeangalia. Labda uligeuza daftari ulipokuwa unachora. Fanya alivyosema Mwalimu."

"Lakini Baba, kiazi..."

"Kiazi ni kiazi."

Mama alikuwa anamenya vitunguu. Akauliza taratibu, "Si juzi tu ulikuwa unacheka na hicho kiazi?"

"Mama watoto, wewe na mambo ya vitabu wapi na wapi."

Hakuwahi kumjibu mkewe hivyo. Mama akaendelea na vitunguu vyake. Na mtoto, kwa kuwa aliyesema ni baba yake, akaamini. Hilo ndilo la kuuma. Mwalimu hakumwamini, kitabu hakukiamini, lakini baba yake alimwamini kuliko macho yake mwenyewe.

Jioni tatu alifuta. Alifuta kila mwezi kwa kifutio mpaka karatasi ikawa nyembamba, akaugeuza, pembe kwa jua, jioni na asubuhi, ule wa juu ya paa na ule wa mama akianika nguo. Mwezi mpevu peke yake ndio uliosalimika kwa kuwa hauna pembe. Jicho alikaa kwenye ngazi za nyuma asisikie kile kifutio, na alikisikia.

Mashindano yalifanyika baada ya wiki tatu, kwenye ukumbi wa wilaya wenye viti vya plastiki na vitambaa vya buluu mezani. Wazazi walisimama ukutani. Mstari wa mbele alikaa bosi wa kiwanda, maana kiwanda kilikuwa kimetoa zawadi: rundo la vitabu vya sayansi vilivyotoka mtamboni juzi, bado vinanukia wino. Jicho alivaa koti. Alipouona ule mnara wa vitabu kwenye meza ya zawadi, alihisi kuna jambo amelisahau, lakini hakujua mara moja ni lipi.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja wa chuo kikuu, mtaalamu wa nyota, mpole, miwani kwenye kamba shingoni. Alipitia daftari la Swali akitabasamu, akizisoma saa, akivipima vipimo vya paa. Kisha tabasamu likaisha.

"Mwanangu, hizi saa ni sahihi kabisa," alisema. "Lakini miezi hii umeinakili mahali. Jua likiwa huku, upande huu ndio unaowaka. Aliyeutazama mwezi hata jioni moja hawezi kuchora hivi. Ulitazama kweli?"

"Nilitazama, Mama. Siku zote."

"Basi kwa nini umechora hivi?"

Swali akasema, kwa sauti ya mtu anayejua ana shahidi: "Nimefuata kitabu. Ukurasa wa arobaini na moja."

Mwamuzi alinyoosha mkono kwenye meza ya zawadi, akachukua kitabu cha juu, akakifungua. Akatazama. Akamgeuzia Swali aone, bila ubaya, kama mtu anayetaka jambo liishe. Jua linazama kushoto, na kulia, juu ya mlima, mwezi mchanga, mgongo wake kwenye jua, pembe zimelikimbia.

"Kitabu kiko sawa," alisema.

Nyuma watu wawili watatu walicheka. Mwalimu wa sayansi, aliyekuwa pembeni, alikitazama kitabu, akapepesa macho, akasema, "Mimi nilimwambia afuate kitabu." Na kweli ndivyo alivyomwambia. Bosi wa kiwanda akaketi vizuri kitini, amefurahi kwamba kitabu chake kimesifiwa mbele ya watu.

Swali hakulia. Aliinama karibu kabisa na ule ukurasa, akautazama kwa muda, kama alivyofundishwa na baba yake kutazama kazi. Kisha akainua uso, akamtafuta ukutani katikati ya makoti ya wazazi, akampata.

Jicho alifungua mdomo. Hatua sita tu zilimtenga na meza ile. Maneno yenyewe hayakuzidi matatu: kosa ni langu. Bosi aligeuka kidogo, akamwona, akampungia mkono kwa furaha, na Jicho naye akapunga.

Nafasi ilichukuliwa na mvulana wa shule nyingine aliyetengeneza chujio la maji.

Walirudi kwa miguu, baba mbele, mtoto nyuma. Walipokaribia duka la vipuri, Swali akauliza, "Ulikigeuza lini, Baba? Kabla hujaniambia nifute, au baada?"

Angeweza kudanganya tena. Kuchoka ndiko kulikomzuia.

"Kabla," alisema.

Mtoto alitembea hatua kadhaa. "Ungeniambia mimi tu," alisema. "Nisingemwambia mtu."

Mchuma janga hula na wa kwao, lakini kuna wazazi wanaochuma wenyewe wakamwachia mtoto sahani yote. Jicho alibaki kazini kama alivyotaka. Wenzake wawili waliagwa kwa soda. Yeye alikagua kazi za kompyuta mwaka mmoja na miezi mitano, kisha bosi akagundua kwamba kompyuta inajikagua yenyewe, naye akapewa soda yake.

Swali alimaliza shule ya pale mtaani kwa alama za kati, akajifunza ushonaji, na sasa anashona sare za wanafunzi chumba cha mbele, mtaani kwao palepale. Si mtoto mbaya. Anampeleka baba yake hospitali, anamkatia kucha, anamtengea chakula kabla ya wake mwenyewe. Wateja wanamwita Fundi. Lile jina la utotoni lilikufa lenyewe, kwani tangu siku ile hakumuuliza baba yake swali jingine. Mama alingoja, akadhani ni mwezi mmoja, akadhani ni mwaka, akaacha kungoja.

Macho ya Jicho yameingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na mtaani wanacheka kwa jina lake kama watu wanavyocheka. Jioni anakaa kwenye ngazi za nyuma, uso kwenye ule upande wenye joto la jua. Juzi alimsikia binti yake akipita na ndoo, akamwita.

"Mwanangu, watu wanasema leo umeandama. Ni kweli?"

"Wanasema."

"Pembe zimeelekea wapi?"

Ndoo ilitua chini. Mwezi ulikuwepo, juu ya paa la jirani, mwembamba, na binti alikuwa amesimama akielekeana nao.

"Sijatazama, Baba," alisema, akachukua ndoo yake akaingia ndani.